Nusu kidole begani

Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwa fundi cherehani wetu pale Mwanjelwa, Mbeya, akapimwe sare ya kidato cha kwanza. Fundi huyu anamjua tangu ana miaka mitatu, enzi ambazo gauni lililokatwa sawa lilikuwa linaning'inia upande mmoja, naye akawa anaacha pindo refu kushoto bila mimi kumwomba. Safari hii alipitisha futi yake mabegani, akanyamaza, akapima tena.

"Mama, mabega yanapishana nusu kidole."

Usiku nilitoa picha za eksirei chini ya kitanda. Ile ya kwanza kabisa naijua hata nikifumba macho. Pingili zote ni za mraba isipokuwa moja katikati ya mgongo, nusu pingili, imejichomeka upande mmoja kama kabari. Mgongo ulikuwa umepinda nyuzi 41. Majirani walisema nilimbeba vibaya mgongoni, na mimi niliamini. Nilikuwa nikiangalia ile kanga ya kumbebea natamani kuichoma. Daktari bingwa kule Dar es Salaam ndiye aliyenitua mzigo huo: pingili huumbika ndani ya wiki sita hivi za kwanza za ujauzito. Wiki sita! Wakati huo mimi nilikuwa napalilia viazi Uyole, wala sijajua kama nina mimba. Na kwa kuwa figo na moyo huumbika kipindi hichohicho, wakavipima pia. Moyo mzima. Figo, moja tu. Tunaishi nayo vizuri.

Kabla ya hapo nilishaambiwa kwenye zahanati kwamba atanyooka akikua. Nikasubiri mwaka na nusu. Mgongo wa namna ile haunyooki kwa kukua, kukua ndiko kunakoupinda, maana nusu pingili inasukuma upande mmoja tu. Bado inaniuma.

Alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka minne. Walitoa ile nusu pingili, wakaunganisha ya juu yake na ya chini yake kwa skrubu na vyuma vifupi. Nilimuuliza daktari, kwa nini msiunyooshe mgongo wote mara moja tuondokane na hili jambo? Akajibu taratibu: pingili iliyounganishwa hairefuki tena. Ukiunganisha nyingi kwa mtoto mdogo, kifua kinabaki kifupi, mapafu yanakosa nafasi ya kukua, na ukubwani atapata shida ya kupumua. Mzazi yeyote anayekaribia kusaini fomu ile, naomba aulize kwanza ni pingili ngapi zitaunganishwa na kwa nini.

Nyuzi zikashuka hadi 12. Sasa ni miaka tisa tangu upasuaji. Anacheza netiboli, anabeba ndoo kichwani, kovu lake limekuwa mstari mwembamba anaousahau hadi baridi ya Juni impate. Kama mtu ananiuliza leo kama ningerudia, ningerudia, na ningewahi zaidi.

Lakini daktari hakunificha. Pale palipotengenezwa huwa panatulia, wasiwasi ni pingili za jirani, juu na chini, ambazo zinaweza kuanza kupinda mtoto anapovunja ungo na kurefuka kwa kasi. Wapo wanaorudi tena chumba cha upasuaji. Mwaka jana alikuwa nyuzi 17. Mwaka huu amerefuka sentimita saba, nimeziandika kwa mkaa kwenye fremu ya mlango. Hiyo nusu kidole inaweza kuwa namna alivyosimama tu, au ikawa ndiyo yenyewe. Futi ya fundi haiwezi kuniambia. Sikumwambia mtoto chochote, ila alishasikia.

Asubuhi alinikuta na picha mezani. Akachukua ya mwaka jana, akaiinua dirishani, akahesabu kwa kidole.

"Skrubu nne. Mama, hizi ni zangu mpaka lini?"

Nikamwambia tutamuuliza daktari. Basi la Dar linaondoka alfajiri ya Jumatatu. Ameomba akae dirishani, anataka kuuona mlima Kitonga njiani.