Nilifeli FLK2, nikabaki na kazi, nikafaulu mara ya pili

Aliyeniambia "ni maswali ya kuchagua tu, ukipitia notisi mara mbili unatoka" alinipotezea miezi sita. SQE1, hatua ya kwanza ya mtihani wa kuwa solisita (aina ya wakili) Uingereza na Wales, ina maswali 360 katika karatasi mbili za maarifa ya sheria: FLK1 180, FLK2 180, kila moja siku yake. Siku moja ni vipindi viwili vya maswali 90, dakika 153 kila kipindi. Kila swali lina majibu matano, na mawili au matatu yanaweza kuwa na ukweli ndani yake. Wanataka lililo bora.

FLK1 nilipita. FLK2 iliniangusha kwenye fedha za wateja na mirathi. Chukua mfano: fedha ya mteja mmoja imetumika kulipia gharama za mwingine, ufanye nini kwanza? Kila mara mkono wangu ulikimbilia kumwarifu mteja, maana ndio uaminifu. Kanuni inadai fedha irudishwe kwenye akaunti ya wateja mara moja, hata kama kampuni itatoa mfukoni mwake, mengine yanafuata. Kwenye kodi ya mirathi nilikuwa nimekariri pauni 325,000 zisizotozwa na asilimia 40 kwa kinachozidi, lakini nikasahau kwamba zawadi alizotoa marehemu miaka saba ya mwisho ndizo zinazoanza kula kiwango hicho. Hesabu yote inaharibika kuanzia hapo.

Safari ya pili nilikigawa kipindi mafungu matatu: maswali 30, dakika 51. Dakika ya 51 ikifika nahamia fungu jipya hata kama kuna swali linaning'inia, ila kwanza naliwekea jibu lolote, kwa kuwa kukosea hakupunguzi alama. Na nilisoma sentensi ya mwisho ya swali kabla ya hadithi yake. Hilo peke yake liliniokolea muda kuliko kozi niliyolipia.

Sasa kazi. Kuna kampuni za mawakili za London zinazofuta mkataba wa mafunzo ukifeli mara ya kwanza, ingawa mamlaka ya mitihani inakupa majaribio matatu ndani ya miaka sita. Nilishauriwa ninyamaze hadi niulizwe. Ushauri mbaya sana. Fungua mkataba wako usome kipengele: changu kilisema kampuni "inaweza" kusitisha, hakikusema "itasitisha". Siku ileile ya matokeo niliandika barua ya ukurasa mmoja: alama zangu, tarehe ya kurudia FLK2 peke yake, na kwamba ada nalipa mwenyewe, kama pauni elfu moja hivi. Nikakumbusha pia kwamba Aprili 2024 Kaplan, wanaoendesha mtihani, walikiri kuwa watahiniwa 175 wa Januari waliambiwa wamefeli kumbe wamefaulu, na wapo waliokwisha kupoteza ajira. Wakanishusha kuwa msaidizi wa mawakili, mshahara ukapungua, lakini dawati likabaki langu.

Hata wangenifukuza, miezi niliyofanya kazi isingepotea. Ile miaka miwili ya uzoefu wa kazi inayotakiwa ili uwe solisita inaweza kukusanywa katika sehemu za kazi hadi nne, na solisita anayekusainia anathibitisha kwamba kazi ilifanyika, hapimi kama unafaa. Mwombe saini kabla hujarudisha kadi ya mlangoni.