Draya, jenereta na bili ya Hannover

Disemba 2023 nilirudi Moshi kutoka Hannover, Ujerumani, ninakoishi, kama Mchaga yeyote anayejua wajibu wake. Siku tatu kabla ya Krismasi nilikuwa Majengo, saluni kwa mama mdogo, foleni imefika barazani kwa sababu kila mtu anataka nywele zikae sawa kabla ya kupanda Marangu na Rombo. Kabla ya saa nane umeme ukakatika. Dada mmoja alikuwa chini ya draya na rola zake kichwani. Hakusogea, kana kwamba akitulia vizuri mgao utamwonea haya.

"Jenereta ipo?" akauliza.

"Ipo. Kwa umeme elfu kumi, kwa jenereta kumi na tano." Mama mdogo alishamtuma kijana petroli. Kisha akanigeukia. "Hivi mwanangu, si tulisikia na nyie huko mna shida ya umeme? Mbona hamkukaa gizani?"

Nikamwambia, hapa bei ya uniti inapangwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Maji yakipungua mabwawani haipandi papo hapo, kwa hiyo upungufu tunagawana kwa saa: leo Majengo, kesho Pasua. Kule Hannover taa yangu haikuzimika hata dakika moja. Upungufu uliletwa na posta.

Barua ya kwanza ilifika Disemba 2021. Kampuni iliyokuwa ikiniuzia umeme kwa bei chee imevunja mkataba. Bei ya sokoni imewashinda. Sheria ya Ujerumani hairuhusu ukatiwe hivi hivi, kwa hiyo nilihamishiwa kwa muuzaji mkuu wa eneo langu, na malipo ya mwezi yakatoka yuro 48 hadi 91. Halafu 2022 Urusi ikavamia Ukraine na kubana gesi, ukame ukapiga mito, na karibu nusu ya vinu vya nyuklia vya Ufaransa vikawa vimezimwa. Mwaka 2020 uniti moja kwenye soko la jumla la Ujerumani ilikuwa wastani wa senti 3 za yuro. Agosti 2022 ilipita senti 45.

"Lakini si mna upepo? Upepo nao ulipanda bei?"

Hapo ndipo soko lao linapochekesha. Mitambo inapangwa kuanzia ya bei rahisi, upepo na jua mbele, mpaka mahitaji ya saa ile yatoshe. Mtambo wa mwisho kuitwa, mara nyingi wa gesi, ndio unaoweka bei, na wote waliotangulia wanalipwa bei hiyohiyo.

Mama mdogo akawatazama wasusi wake wawili kwenye mkeka, wanaosuka kwa mikono, umeme uwepo usiwepo. "Yaani ningewasha jenereta, na hawa wangedai elfu tano juu?"

"Wangelipwa bila kudai."

Wasusi walicheka sana. Wakanyamaza niliposema Umoja wa Ulaya uliwawekea kikomo wenye mitambo ya bei rahisi: kuanzia Disemba 2022, mapato ya juu ya senti 18 kwa uniti yalichukuliwa kusaidia walipa bili. Ujerumani nayo mwaka 2023 ikaweka kikomo cha senti 40, ila kwa asilimia 80 tu ya matumizi yako ya zamani, ukizidisha, jitegemee. Mimi niliacha kabisa mashine ya kukausha nguo. Hata bafu za mabwawa ya kuogelea Hannover zilifungiwa maji ya moto, nikaoga maji ya mto wa Marangu katikati ya Ulaya.

Jenereta ikawaka. Dakika ishirini hazijaisha, umeme ukarudi.

"Basi elfu kumi," dada akasema kutoka ndani ya draya.

Mama mdogo akanitazama. "Huko kwenu hii mnahesabuje?"

"Kila saa na bei yake, mama."

Wakavutana mpaka rola ya mwisho ikatoka. Alilipa 12,000, na mia tano ya kijana wa petroli.