Kata Ikiwa na Maua: Jinsi Mbolea ya Kijani Ilivyoufufua Udongo Wangu

Nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke na la maana: mbolea ya kijani, yaani mmea unaooteshwa ili ukatwe na kurudishwa udongoni, hukatwa ikiwa imechanua maua. Usingoje ifunge maganda, wala ikauke, wala hadi utakapopata nafasi. Mimi nilishauriwa kinyume, tena na watu wenye sifa ya kujua kilimo, na ushauri ule ulinila msimu mzima. Leo udongo wangu unashikika, unanukia, unanywa maji, na najua hasa kilichouponya.

Ulikuwa mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha, maji yalituama juu ya matuta huku chini kidogo pakiwa pakavu. Jua likiwaka, ardhi ilipasuka nyufa za kuingiza vidole. Kabichi zilikuwa zikianza njano kwenye majani ya chini kabla hata hazijafunga. Samadi ingesaidia, lakini bustani yenye udongo uliochoka inataka samadi nyingi, na samadi ni ya kununua na ya kubeba. Nilitaka mbolea ioteshwe palepale inapohitajika. Gharama yake ikawa mbegu tu, na mbegu zile hazikufikia hata bei ya mfuko mdogo wa mbolea ya dukani.

Ushauri nilioupewa ulikuwa mtamu masikioni: panda kunde, ziache zikomae, vuna ule, kisha fukia mabua. Chakula na mbolea kwa jembe moja! Nikafuata kila neno. Kunde zilistawi vizuri, maganda yakajaa, yakakauka, tukavuna. Mashina yaliyobaki yalikuwa magumu, majani mengi yameshapukutika. Nilikatakata, nikafukia, na kwa kuwa niliambiwa udongo sasa uko tayari, nikahamishia miche ya kabichi bila kusubiri.

Miche ikasimama pale pale. Mingine ilioza shingoni, usawa wa udongo, ikalala. Iliyopona ilianza njano chini ikapanda juu, na kila nilipochimba nilikuta vipande vya mabua kama nilivyoviacha. Aliyenishauri alikuja, akatazama, akasema udongo wangu ni mbovu na dawa yake ni mbolea ya chumvichumvi. Maneno hayo yaliniudhi kuliko hasara yenyewe. Udongo ulisingiziwa.

Ukweli ni huu. Mmea wa jamii ya mikunde hujenga majani na shina laini zenye naitrojeni nyingi, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, hadi unapochanua. Baada ya hapo huihamishia kwenye mbegu. Mbegu kavu ya kunde karibu robo yake ni protini, na protini hiyo ndimo naitrojeni ilimo. Kwa hiyo anayebeba kunde kwenda jikoni amebeba mbolea kwenda jikoni. Kinachobaki shambani ni mashina yenye kaboni nyingi, na vijidudu vya udongo vikitaka kuyaozesha vinahitaji naitrojeni. Visipoipata ndani ya mabua, huichukua kwenye udongo, na mmea wako unabaki na njaa. Majani mabichi ya mikunde huwa na kaboni kiasi cha sehemu 12 hadi 20 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua makavu ya ngano hufika sehemu 80. Ukivuka takribani 25, vijidudu huanza kukopa kutoka kwenye udongo. Kabichi zangu ndizo zilizolipa deni hilo.

Sisemi kunde usile. Panda, vuna, ule, na mizizi yake na masalia vina faida yake kwa muda mrefu. Ila masalia yale usiyaite mbolea ya kijani, na usipande kabichi juu yake ukitarajia muujiza.

Msimu uliofuata nilipanda marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaopandwa kurutubisha udongo. Nilirusha mbegu nyingi, zikaota zikibanana, kwa sababu shabaha ni majani na kivuli. Anayepanda kwa nafasi za kuvunia mbegu anapata mashina manene na magugu katikati. Kabla ya kupanda nilifanya jambo ambalo kila mtu aliniambia ni kupoteza muda, na ninalisifu mpaka leo. Nilichukua udongo wa kiganja kutoka kwenye tuta ambako kunde zilikuwa na mizizi yenye vinundu vingi, vile vivimbe vidogo wanamoishi bakteria, nikaukausha kivulini, nikauponda. Mbegu za marejea nikazilowesha kidogo kwa maji ya sukari mepesi ili zinate, nikazigaragaza kwenye unga ule wa udongo, nikapanda jioni ileile kabla jua halijaua vijidudu. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya kunde, wanaoipa naitrojeni ya hewani, wanaelewana pia na marejea, mukuna, fiwi na karanga. Soya ina bakteria wake, hiyo ni habari nyingine. Angalizo moja tu: udongo huo uchukuliwe mahali ambapo mimea ni mizima, maana bakteria wema na magonjwa husafiri kwenye kiganja kimoja.

Mimea ilipofika magotini, jirani alinihimiza niimwagie urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, “kuisukuma”. Nilikataa. Mmea wa mikunde ukikuta naitrojeni ya bure kwenye udongo haujisumbui kulisha bakteria, na vinundu vinakuwa vichache. Kama kuna kinachopungua, mara nyingi ni fosforasi, na udongo wenye asidi kali nao huzuia vinundu. Mimi nilitawanya majivu kidogo ya kuni, yaliyochekechwa, nikaacha.

Mwingine aling’oa mmea mmoja, akaona mizizi ina uvimbe, akanitangazia kuwa bustani yangu imeingiwa na minyoo fundo, minyoo midogo sana inayofurisha mizizi, na kwamba ning’oe kila kitu nichome. Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo nitaeleza kwa utulivu. Kinundu cha bakteria kimeng’ang’ania ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliofura. Huwezi kuubandua bila kuukata mzizi. Kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na kemikali ya ukoo mmoja na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe bado kichanga au hakifanyi kitu, kikiwa cha kijani au kahawia kimeshachoka. Nilimpasulia vinundu mbele ya macho yake, vyote vyekundu. Hakusema tena habari ya kuchoma.

Wala si imani za kijijini hizi. Mwaka 1886 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu vile, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Iko juu ya vichwa vyetu bure, na vinundu ndiyo mlango wake. Ndiyo maana nasikitika mtu anaponiambia rutuba ni ya wenye pesa.

Maua ya kwanza ya njano yalipotokea nilianza kunoa panga. Marejea yenye joto na mvua ya kutosha huchanua kwa wiki 8 hadi 10 hivi. Nilikata wakati kama nusu ya mimea ina maua na hakuna ganda lililojaa. Hapo ndipo watu walinihurumia: mimea imependeza hivyo, unaikata? Ndiyo, naikata. Shina lilikuwa bado laini, linavunjika kwa mkono, na hicho ndicho kipimo changu kuliko kalenda yoyote. Likikataa kuvunjika, umechelewa.

Nilikata kuanzia juu nikishuka, vipande vya urefu wa kiganja, ili nisisumbuke kukatakata tena chini. Niliacha vinyauke, kisha nusu ya bustani nikafukia juujuu, sentimita 10 hadi 15, sehemu yenye hewa. Kufukia kwa kina kirefu ni kosa linalofundishwa sana. Kule chini hakuna hewa, majani yanachacha na kunuka badala ya kuoza vizuri. Nusu ya pili sikufukia. Nililaza majani juu kama matandazo na mizizi nikaiacha ardhini. Ulinganisho huo ulinifundisha zaidi ya maneno ya watu. Palipofukiwa mboga ziliitikia mapema. Palipotandazwa naitrojeni nyingine ilipotea hewani na mwitikio ulichelewa, lakini udongo ulikaa na unyevu, magugu yakawa machache, na nyungunyungu walirudi kwa wingi ambao sikuwahi kuuona pale. Sasa nafukia ninapotaka kupanda kabichi na mboga za majani, natandaza ninapotaka nyanya.

Halafu kuna kusubiri. Vitabu vinasema wiki 2 hadi 3 baada ya kufukia, na ni sawa, lakini udongo wa baridi au mkavu huchelewa, wa joto na unyevu huwahi. Majani mabichi yanapooza hutoa vitu vinavyozuia mbegu kuota, na vimelea vinavyoozesha miche shingoni husherehekea chakula kile. Kumbuka kabichi zangu zilizolala. Sikutaka kubahatisha tena, kwa hiyo nikabuni kipimo ambacho naona fahari kukieleza.

Nilichukua makopo mawili. La kwanza nikalijaza udongo kutoka palipofukiwa, pamoja na vipande vya majani vilivyomo. La pili nikalijaza udongo wa upande mwingine ambako hakukufukiwa kitu. Katika kila kopo nikapanda mchicha, idadi ileile ya mbegu, maji yaleyale, mahali pamoja. Mchicha ni mzuri kwa kazi hii kwa sababu unaota upesi na mbegu zake ndogo hazina akiba ya kuvumilia mateso. Mara ya kwanza kopo la pili liliota kijani tele, la kwanza likatoa miche ya kuhesabika, tena yenye mizizi mifupi ya kahawia. Nikangoja. Nikarudia na udongo mpya kutoka palepale. Makopo yalipoota sawasawa, ndipo nilipopeleka miche bustanini. Hakuna hata mmoja uliolala! Nimewafundisha wengi kipimo hiki, na wanaokiacha ndio wanaokuja kuniuliza kwa nini miche imekufa. Anayepanda mbegu kubwa, mahindi au maharage, anaweza kusubiri kidogo zaidi, maana funza wa mbegu huvutwa na majani yanayooza.

Kabichi za safari hiyo zilifunga vichwa vizito na majani ya chini yakabaki kijani hadi mwisho. Sikuweka urea hata chembe.

Kilichonifurahisha zaidi kilitokea kwenye nyanya. Kona moja ya bustani ina minyoo fundo wa kweli, si ile hadithi ya jirani. Aina nyingi za kunde huilisha minyoo hiyo, na hili halikutajwa na walionishauri kunde. Marejea huinyima nafasi ya kuzaliana. Baada ya marejea, mizizi ya nyanya za kona ile ilikuwa safi kuliko miaka yote, ingawa minyoo haikuisha kabisa. Naipanda tena pale kila nafasi inapopatikana.

Jambo jingine watu hawaambiwi: majani mateke ya mikunde huoza upesi mno. Yanalisha mmea unaofuata lakini hayajengi udongo kwa muda mrefu. Mfinyanzi wangu ulihitaji pia kitu cha kudumu, kwa hiyo nikaanza kuchanganya marejea na mtama, mbegu zikirushwa pamoja. Mtama unaleta kaboni na mizizi mingi inayotoboa mfinyanzi, marejea yanaleta naitrojeni ya kuozesha mtama. Ukiukata mtama kabla haujatoa masuke, mchanganyiko hauli naitrojeni ya udongo kama yale mabua ya kunde. Nyufa zimepungua sana tangu hapo, na maji ya mvua yanazama badala ya kutembea juu.

Mukuna nimeijaribu pia. Inatoa majani mengi kuliko mmea wowote niliowahi kufukia, na inafunika magugu yasione jua. Lakini hutambaa na kupanda juu ya kila kilicho karibu. Iwekwe peke yake, mbali na migomba na miti michanga, na uchague ile isiyowasha.

Mbegu nazihifadhi mwenyewe. Kona ndogo naiacha bila kukatwa, maganda ya marejea yakauke mpaka mbegu zigonge ndani ukitikisa, nazivuna asubuhi kabla hayajapasuka, nazikausha na kuzifunga kwenye chupa yenye majivu kidogo. Chupa hiyo haiwekwi jikoni. Mbegu za marejea zina sumu, kuku na mifugo wasipewe, na mbegu za mukuna zisipikwe kama maharage hata zikionekana nzuri namna gani. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa juu ya chupa zote mbili, na anayeomba mbegu kwangu hapewi mpaka ameyasoma.