Nilivyowapa mawakala masurufu ya safari

Wakala ninayemzungumzia ni programu inayohama. Inaanza kazi kwenye kompyuta moja, inafungasha kumbukumbu zake, inapita hewani na kuendelea kwingine pale ilipoishia. DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani (huyo ni wakala wa aina nyingine), iligharamia wazo hili tangu miaka ya 1990. Badala ya askari kuvuta picha zote za gari la upelelezi, amtume wakala azichambue hukohuko arudi na moja.

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili huko Marekani, na ugawaji wa rasilimali za mtandao kwa mawakala hawa ukawa mzigo wangu. Redio za jeshi hatukuwa nazo. Tulichukua kompyuta mpakato sita, tukazibana zisipitishe zaidi ya kilobiti 16 kwa sekunde, kama SINCGARS, redio za jeshi la Marekani. Kwa kasi hiyo, wakala wa kilobaiti 40 anavuka kwa sekunde 20, tena hewa ikiwa shwari. Picha ya kilobaiti 300 ni dakika mbili na nusu.

Jaribio la kwanza halikumaliza dakika kumi, mtandao ukaganda. Nikadhani prosesa zimezidiwa, nikapoteza wiki nzima kuzipima. Kumbe kompyuta moja tulikuwa tumeizima kuigiza gari lililoingia bondeni, na mawakala wote waliotumwa huko walikuwa wanapiga hodi nyumba isiyo na mtu, bila kuchoka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa mawasiliano alicheka, kisha akaniuliza kama najua kwamba kila mrusho wa redio unamwonyesha adui ulipo. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo.

Nikakumbuka masurufu ya ofisini kwetu nyumbani: unapewa, unasafiri, unarudi kuyatolea hesabu. Kila wakala akapewa kilobaiti zake za hewa. Jaribio lililoshindwa lilikatwa vilevile, na kila lililofuata lilikuwa ghali maradufu ya lililotangulia. Akibakiwa na nauli ya kurudi tu, anarudi. Daftari hakushika yeye, angejiongezea, alishika mwenyeji, yaani kompyuta iliyompokea. Java ya kawaida, lugha ya programu tuliyoitumia, haikuweza kumpimia wakala mmoja mmoja matumizi yake (watafiti wa taasisi ya IHMC kule Florida walitengeneza mashine pepe yao, yaani programu ya kuendeshea Java, iitwayo Aroma, kwa sababu hiyo), kwa hiyo mimi nililinda mlango tu: hakuna kilichotoka bila kupita kwa karani wangu, kiprogramu cha kuhesabu. Msimbo nao, yaani maagizo ya programu yenyewe, tukawa tunauacha kwa mwenyeji baada ya ziara ya kwanza, wakala abebe kumbukumbu peke yake. Kilobaiti 40 zikawa 6.

Kisha wakala wa taarifa ya majeruhi akaishiwa njiani. Nikaongeza daraja la dharura, na ndani ya siku mbili wenzangu wote wakawa wanaandika "dharura". Ikabidi kamanda wa mazoezi apewe tiketi tatu tu kwa saa. Ya kwanza aliitumia kuangalia kama inafanya kazi.