Magofu ya Unguja na watoto nyuma ya gari

Mkija Unguja na familia, msiishie Mji Mkongwe. Jumapili tulikodi gari letu wenyewe pamoja na mtembeza wageni, mzee mwenye leseni, si papasi, wale wanaowavizia wageni bandarini. Raha yake: mtoto akitaka choo, gari linasimama.

Maruhubi hatukukaa. Kasri la Sultani Barghash liliungua 1899, zimebaki nguzo, na kivuli hakuna.

Kidichi ndiko kulikotunasa. Sultani Seyyid Said aliijenga hamamu ile, yaani nyumba ya kuogea, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah (mfalme wa Uajemi), na ukutani bado mnaona maua na ndege wa chokaa. Binti yangu akauliza, "Babu, alitoka mjini kote kuja kuoga tu?" Mzee mtembezaji akacheka. Akamweleza kuwa walikuja kuwinda na kukagua mashamba, kisha wanajitoa vumbi hapo.

Halafu kusini, Kizimkazi Dimbani. Kwa nje ni msikiti wa paa la bati, unaweza kuupita hivihivi. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107! Watu wanaswali humo mpaka leo, kwa hiyo vaeni stara na ombeni ruhusa kwanza. Baba mkwe akaswali rakaa mbili, sisi tukamsubiri nje.

Mtoni, alikozaliwa Bi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, hatukufika. Mwenye kumjua mtembezaji anayeijua vizuri habari yake anitumie namba inbox.