Lami ya Ujanani

Nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya mabomba nilipoombwa kumsindikiza mtunza stoo wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, kwenda kwa daktari wa ngozi. Juu kidogo ya kifundo cha mkono wake wa kulia palikuwa na kidonda kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kingo zake zilikuwa zimeinuka na kukakamaa, na katikati palijaa gamba ambalo kila likibanduka lilitoa damu, kisha likajifunga tena. Kwa muda mrefu alikuwa amepewa dawa za kupaka, moja baada ya nyingine, wala hakuna aliyemuuliza amefanya kazi gani maishani mwake.

Daktari huyu aliuliza. Mzee akajibu kwamba anagawa vipuri stoo na hashiki kitu chochote cha hatari.

"Na kabla ya stoo, mzee wangu?"

Hapo ndipo nilipoyasikia mambo ambayo hata sisi tulioshinda naye hatukuyajua. Ujanani alikuwa akichemsha lami itokanayo na makaa ya mawe na kuipaka kwa brashi kwenye mabomba ya chuma ili yasishike kutu, akiwa amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, kutwa nzima juani. Alikumbuka jinsi ngozi ilivyomwaka jioni kuliko ya wenzake walioshinda kwenye jua lilelile bila kushika lami, na jinsi walivyojisugua kwa mafuta ya taa kabla ya kwenda nyumbani.

"Lakini daktari," akasema, "kazi ile niliiacha zamani. Kidonda hiki ni cha juzi tu."

Daktari alimweleza bila haraka, na nadhani heshima ile ndiyo iliyomfanya mzee asikilize. Lami ya makaa ya mawe ina kemikali, mojawapo ikiitwa benzopirini, ambazo hupenya kwenye ngozi na kuharibu vinasaba vya seli; aidha, huifanya ngozi iungue upesi inapopigwa na jua, ambalo lenyewe pia husababisha saratani. Mafuta ya taa nayo huiondolea ngozi mafuta yake ya asili na kuiacha bila kinga. Madhara hayo huweza kujificha kwa miaka ishirini au zaidi kabla ya uvimbe kutokea. Alisema pia kwamba mwaka 1775 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alihusisha masizi na saratani ya ngozi ya korodani iliyowapata wasafisha dohani, na kwamba mwaka 1915 Wajapani wawili, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa, waliripoti kuwa sungura waliopakwa lami hiyo masikioni mara kwa mara walipata saratani. Iliniuma, na ingali inaniuma, kwamba elimu ya siku nyingi kiasi hicho haikuwahi kumfikia mtu aliyeshika brashi.

Kisha aliugeuza mkono kwenye mwanga, akatuonyesha vijipele vigumu kama chunjua ambavyo mzee alividhania kuwa ni dalili za uzee. Alikata kipande kidogo cha kidonda kikapimwe maabara. Majibu yalithibitisha saratani ya ngozi ambayo ilikuwa haijasambaa, na ikaondolewa pamoja na sehemu ya ngozi yenye afya iliyoizunguka.

Kabla hatujatoka siku ile ya kwanza, daktari aliandika kwenye faili jina la lami, miaka ambayo mzee aliishika na namna alivyoishika, kisha akamuuliza alifanya kazi hiyo na nani. Mzee alitaja majina polepole, akihesabu kwa vidole. Wengine walikuwa wamekwisha kufariki. Wawili alijua wanakoishi, na baadaye tulikwenda kwao, tukawaeleza tuliyoyasikia na kuwahimiza wakapimwe mikono, uso, shingo na sehemu za siri, wasione haya.