Saa kumi na mbili, steji ya Kaptembwo

Mama aliuza mboga Soko la Wakulima, Nakuru mjini. Kila jioni saa kumi na mbili Baba alikuwa steji ya Kaptembwo akimngoja ashuke matatu, ampokee kiondo na mzigo uliobaki. Miaka 28, mvua na jua. Mama akafariki Machi 2024. Matanga yakaisha, waombolezaji wakatawanyika, na Baba akaendelea kwenda steji.

Dada yangu alinipigia simu Njoro, nilikokuwa nikisomea biolojia. Majirani walikuwa wanasema mzee amechanganyikiwa, nije nimzuie. Jumamosi moja ya Mei nikapanda matatu, maneno ya kumkanya nimeshayapanga.

Lakini njiani nilikuwa nikisoma habari za voli wa mbuga za Marekani, vipanya wa nyasini, miongoni mwa mamalia wachache ambao dume na jike hukaa pamoja na kulea wana wao pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walikuwa wametangaza Januari ile kwamba voli anapobonyeza wenzo ili mlango ufunguke amfikie mwenziwe, dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, hufurika katika sehemu ya ubongo iitwayo nukliasi akumbensi. Mlango ukimfikisha kwa mgeni, haifuriki hivyo. Na kuna jaribio la zamani kidogo lililonikaa moyoni: dume aliyetengwa na jike wake, akitiwa majini, huelea tu, aliyetengwa na ndugu yake wa kiume hupambana kama kawaida. Kinachomlegeza ni homoni za msongo, maana zikizuiwa ubongoni naye hupambana tena.

Wako wanaosikia haya wakasema mapenzi ni kemikali tu. Hiyo "tu" hunikera. Goti la Baba lilikuwa linamuuma, na kutoka nyumbani hadi steji ni kilima.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kando ya mama mchoma mahindi. Nikakaa karibu naye. Matatu ikasimama, makanga akagonga bati, watu wakaanza kushuka, na Baba akawa ameshainuka nusu kabla hajajua anainuka.

"Najua hayumo," akasema akikaa tena. "Ni miguu haijui."

Yale maneno ya kumkanya sikuyatamka. Nikamsimulia habari za voli, polepole, hata ule wenzo na ule mlango. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza taarifa ya habari redioni, kichwa kimeinama.

"Na huyo panya hukaa hivyo mpaka lini?"

Nikamwambia kwamba waliotenganishwa wiki nne, walipokutanishwa tena, walikumbukana, ila ile dopamini haikufurika kama zamani.

Akahesabu kwa vidole. "Mimi ni wiki ya tisa."

"Maisha ya panya ni mafupi, Baba. Wiki nne kwake ni nyingi sana."

"Basi mwambie dada yako," akasema, "mimi bado."

Matatu nyingine ikaingia. Akasimama, nami nikasimama. Tulikaa mpaka giza likaingia, tukanunua mahindi mawili, tukapanda kilima.

Dada nilimweleza jikoni. Hakusema kitu, alinipakulia ugali. Kesho yake nilipaswa kurudi Njoro mchana. Nikaondoka usiku, baada ya kutoka steji na Baba.